Kazi Aliyopewa Bibi

Katika kituo cha utabiri wa hali ya hewa, mhandisi wa kompyuta aliitwa Mama Pacha, naye alipenda utani. Kompyuta za kituo zilitapakaa katika majengo kadhaa. Kila kazi ilipelekwa kwenye mashine yenye nguvu kuliko zote, hata kama picha za mawingu zilihifadhiwa jengo jingine, basi mashine ikakaa bure ikizisubiri.

Mama Pacha akaunda programu iliyojifunza kutokana na kazi zilizopita ni mashine ipi inafaa kazi ipi. Siku ya kuijaribu, programu ikaichagua mashine kuukuu waliyoibandika jina la Bibi.

"Mama Pacha, programu yako imelewa," bosi alisema.

"Iache tu, bosi. Picha zote ziko kwa Bibi, kwa hiyo hasubiri mtu."

Chai yao haijapoa, ramani ya mvua ikatokea kwenye skrini. Bosi alicheka mpaka akavua miwani. "Kweli utu uzima dawa," akasema.

Mama Pacha alikuwa ameshampigia mumewe. "Baba Pacha, leo nawahi kurudi. Anua nguo, mvua inakuja."