Mkono Wangu na Uongo Niliomzulia Fundi Sena

Ndugu zangu, msinionee huruma kwa mkono huu. Nisikilizeni tu.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana wa mtaa wa Mabawa, nafanya kazi shamba la mkonge nje ya Tanga. Niliwekwa kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa singa, zile nyuzi zake. Nguvu ninazo, maringo ninayo. Majani yakikwama, mashine husimamishwa, tunayachomoa, kisha fundi hugonga kengele kabla ya kuiwasha. Sisi vijana tulishindana nani atachomoa jani la mwisho kengele ikishalia. Ndio ujinga wetu.

Siku hiyo Fundi Sena aligonga. Nilisikia. Nikaingiza mkono. Mwanzo sikuhisi kitu. Niliona singa zimekuwa nyekundu, ndipo nikapiga ukelele.

Hospitali walinikata chini ya kiwiko. Kidonda kikaoza. Usaha ulinuka mpaka mama akija anaziba pua kwa kanga. Ajabu, vidole visivyokuwepo vilichoma kama vimetiwa kwenye makaa. Meneja alipokuja kuuliza, nikamwambia, "Fundi hakugonga kengele." Wallahi, nilisema hivyo. Niliona aibu kuwa maringo yamenikata mkono. Meneja akaapa kumfukuza fundi mwisho wa mwezi.

Fundi Sena alikuwa mtu wa Seloni, Sri Lanka ya leo, wa dini ya Buddha. Akaja kunitazama, na kesho yake tena. Nikajua amekuja kunisuta. Wapi! Aliketi kando ya kitanda.

"Panauma wapi?"

"Kwenye vidole."

"Usigombane navyo. Vuta pumzi taratibu, uitazame inavyoingia, inavyotoka. Maumivu nayo yanakuja, yanapita. Ndivyo tulivyofundishwa kwetu."

Nikamkebehi. "Wewe una mikono miwili, Fundi. Kwako rahisi."

Akavuta pumzi pamoja nami. Maumivu hayakuisha, ila sikuyaogopa tena kama mwanzo.

Lakini kila nikitulia, uongo wangu unanirudia. Siku ya nne nikashindwa.

"Fundi, unajua nimekusingizia?"

"Najua."

"Na hukasiriki?"

"Nakasirika sana. Nina watoto watatu. Nikiwa njiani kuja hapa naitazama hasira yangu, kama wewe unavyoyatazama maumivu. Nikifika mlangoni huwa imepungua." Akanitazama. "Leo haijapungua. Lakini nimekuja."

Nikalia kama mtoto. Mama alikuwapo, amesikia yote. Akashika kichwa. "Astaghafirullah! Mwanangu, unamdhulumu mtu na huku anakuuguza?" Akaenda mwenyewe kumwita meneja. Nikasema kweli mbele yao wote. Meneja alinitukana matusi ya nguoni, na Fundi Sena akabaki kazini.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Nawashukuru madaktari, wauguzi, na mama aliyenilisha kwa mkono wake. Mimi ni Mwislamu na nitakufa Mwislamu, lakini namshukuru Mola kwa kuniletea mtu yule. Vidole bado huchoma, masika hasa. Navuta pumzi, vinapita.

Nawe uliyelala kitandani, kama kuna mtu umemsingizia, usingoje upone. Mwite leo. Mimi nilibahatika: wangu alikuwa akija mwenyewe, kila siku, na hasira zake.