Mguu Ulirudi, Mkono Ukakataa

Mume wa shangazi yangu, mtaa mzima ulimwita Nyundo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Ukimpelekea gari lililobonyea ubavu, alilizunguka kimya, akalipapasa kwa kiganja kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa, kisha akasema, "Hili linarudi," au, "Hili kalipumzisheni." Hakuwa mtu wa kuumwa. Akipata homa aliipeleka gereji, na jioni alirudi bila homa.

Asubuhi moja alikuwa kwenye sinki anapiga mswaki, mswaki ukamponyoka. Akanyoosha mkono auokote, mkono ukagoma. Alijaribu kumwita shangazi, lakini kilichotoka mdomoni hakikuwa jina la mtu yeyote. Shangazi alikuwa chumbani anapiga pasi mapazia ya mteja, akasikia kishindo, akaenda mbio. Alimkuta mumewe chini, mdomo umekwenda upande, jicho moja linamtazama na lingine linatazama ukuta.

Ilikuwa kiharusi. Upande wote wa kulia ulizima kama taa. Hospitalini walimhangaikia, maneno yakarudi, mazito kidogo lakini yake mwenyewe. Mguu na mkono vilibaki vinaning'inia. Basi wakamkabidhi kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mfupi, mwenye kicheko kinachofika mlangoni kabla yake. Yule dada alimpandisha kwenye baiskeli ya mazoezi, akaufunga mguu wa kulia kwenye pedali kwa ukanda, akamwambia akanyage.

Nyundo akakanyaga kidogo, akasimama. "Hii inanipeleka wapi?"

"Haikupeleki popote, mzee. Wewe kanyaga tu."

"Sasa mtu anapanda baiskeli abaki palepale?"

Yule dada akacheka, kisha akawaeleza vizuri, mtu na mkewe, na mimi nikiwa nimesimama pembeni na mkoba wa nguo. Alisema baiskeli ya namna ile ina faida, asiwadanganye mtu. Inaupa moyo kazi, inashusha presha, inaupa mguu nguvu, na mtu aliyepoteza mizani haanguki nayo ovyo kama angekuwa barabarani. Lakini haimfundishi mtu kutembea. Kutembea kunafundishwa na kutembea, kwa hiyo lazima pia asimame, ashike ukuta, apige hatua. Na mkono una mazoezi yake mbali. Tena mkono, alisema kwa sauti ya chini, huwa mgumu zaidi ya mguu.

Nyundo alisikia alichotaka kusikia. Alisikia kwamba ina faida.

Mtoto wao mkubwa, anayefanya kazi mji mwingine, alipata baiskeli kama ile, iliyotumika, kutoka jimu iliyofunga milango. Waliileta vijana wawili wa mizigo, wakaiweka sebuleni mbele ya dirisha. Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa meza ya shangazi ya kukatia vitambaa. Yeye ni fundi wa mapazia, na pazia halikatwi mapajani, linataka nafasi na mwanga. Meza ikapelekwa uani, na shangazi akaanza kukata mapazia juu ya kitanda, amepiga magoti sakafuni. Hakulalamika. Alisema mgongo wake ulishazoea shida.

Siku za mwanzo Nyundo alikuwa moto kweli kweli. Asubuhi anakanyaga, jioni anakanyaga, jasho linamtiririka mpaka kwenye siti. Wenzake wa gereji wakija kumjulia hali, mazungumzo yote yalikuwa baiskeli. Mmoja wao, fundi wa kupaka rangi magari, hakuiamini hata chembe.

"Unakanyaga hewa, kaka. Mazoezi ni kutembea. Mtu anatoka, anapigwa na upepo, anasalimia watu. Hii ni kujichosha bure."

"Jasho hili ni la bure?" Nyundo akamwuliza.

"Hata aliyefungiwa kwenye gari juani anatoka jasho."

Wakacheka, na Nyundo naye akacheka, huku mguu unazunguka. Kwa kweli mguu ulikuwa unarudi. Lile paja lililokuwa limelegea kama nguo mbichi lilianza kukaza. Ikafika siku akatoka kitandani hadi chooni kwa kushika ukuta, shangazi nyuma yake amenyoosha mikono kama anayefukuza kuku. Nilikuwapo siku hiyo. Shangazi alilia, akasema ni moshi wa jikoni, na jikoni hakukuwa na moto.

Mkono ndio uliokataa. Kila jioni aliuweka juu ya meza, akaukazia macho, akauamuru. Kidole gumba kilitikisika, basi. Alimwuliza yule dada wa mazoezi, akizidisha kukanyaga je? Dada akamwambia ukweli kwa upole, kwamba baiskeli ni ya miguu na moyo, mkono haitauamsha. Mkono huenda ukarudi kidogo, huenda usirudi.

Walirudi nyumbani. Shangazi alipomsogezea kiti apande baiskeli, Nyundo alitikisa kichwa.

"Leo sipandi."

"Kesho, basi."

"Mguu wa nini, mama watoto? Mimi sikula kwa mguu. Nilikula kwa mkono."

Hakupanda kesho wala kesho kutwa. Shangazi alibembeleza, akanuna, akanituma mimi nibembeleze, akampigia simu mtoto wao aongee naye. Nyundo alikuwa na kichwa kigumu tangu ujana. Alikaa kwenye kiti chake, na mguu ule uliokuwa umerudi ukaanza kuondoka tena, taratibu. Ukuta hakuushika tena. Ikawa ni kubebwa. Shangazi anambeba kumtoa kitandani, anambeba kumwogesha, anambeba kumrudisha, na Nyundo alikuwa pande la mtu.

Siku moja walikwenda kliniki, yule dada akamtazama shangazi anavyohema baada ya ngazi chache. "Na wewe mama, nani anakupima?" Akampima palepale. Presha ilikuwa juu hata dada akapima mara ya pili, na safari hiyo hakucheka.

"Ile baiskeli ipo?"

"Ipo. Tunaanikia taulo."

"Toa taulo, panda wewe. Pole pole. Uwe unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Hapo ndipo moyo unafanya kazi."

"Mwanangu, mimi nakanyaga cherehani kutwa nzima. Kuna kukanyaga kuliko huko?"

"Cherehani inachosha kisigino tu, mama. Moyo unalala."

Basi shangazi, pamoja na dawa aliyopewa, akaanza. Akishamwogesha mumewe na kumlisha, anapandisha gauni magotini na kupanda. Mwanzoni alijiona kituko, mwanamke mzima anazungusha miguu dirishani, watoto wa jirani wanachungulia. Baadaye akazoea. Aliniambia anapumua vizuri, analala vizuri, na kumbeba Nyundo kumekuwa kwepesi. Uso wake ulikuwa umechangamka. Hata nguo zilimkaa upya.

Nyundo alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chake. Halafu asubuhi moja, shangazi yuko juu anakanyaga, akasema, "Unajiandaa."

"Najiandaa nini?"

"Kuishi bila mimi."

Shangazi alishuka. Alichukua kipande cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya mteja, kizito, cha rangi ya kahawia, akaifunika baiskeli kuanzia usukani mpaka chini. Hakuigusa tena. Nilipouliza, alisema ana kazi nyingi. Nilimwona anavimba miguu, anashika kiuno, anasimama katikati ya chumba kuvuta pumzi. Nikimwambia kitu ananijibu, "Najikaza kisabuni, mwanangu. Utanisaidia nini?" Nilikuwa nimeajiriwa dukani, natoka asubuhi narudi jioni. Nilisaidia nilipoweza, na nilipoweza palikuwa padogo.

Jambo lilitokea siku ambayo duka lilifungwa mapema. Nilipita kwao mchana, nikabisha, nikasikia sauti ya shangazi inaniita kutoka chini kabisa, kana kwamba yuko kwenye shimo. Walikuwa sakafuni pembeni ya kitanda, wote wawili. Shangazi alikuwa anamwinua mumewe asubuhi, kizunguzungu kikampitia, wakaanguka pamoja, Nyundo juu ya mguu wake. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa, redio ya jirani ilikuwa inapiga kelele, na hakuna aliyewasikia. Walikuwa wamelala hapo tangu asubuhi kama magunia yaliyoshushwa.

Waliyoongea pale chini nimeyajua kwa shangazi mwenyewe, muda mrefu baadaye. Alinisimulia akiwa anashona, bila kuinua uso.

Nyundo ndiye aliyeanza. Alisema, "Nilisema neno baya siku ile."

"Ulisema."

"Nilikuonea wivu. Naona miguu yako inazunguka, mimi niko hapa kama jiwe."

Shangazi angeweza kumwacha na toba yake. Lakini alikuwa amechoka, na sakafu ilikuwa baridi, akasema kilichokuwa moyoni. "Hukukosea. Kila nilipopanda nilikuwa nafikiria hivyo. Kwamba utaondoka, na mimi nitabaki, na nisibaki mgonjwa."

Alidhani mumewe angelia au angemtukana. Nyundo akasema, "Afadhali mmoja wetu anafikiria."

Mguu wa shangazi haukuvunjika, uliteguka tu. Ulipopona, Nyundo mwenyewe alimwambia aliondoe lile pazia apande. Akaomba kitu kimoja. Kiti chake kigeuzwe, yeye atazame mlangoni. "Kusikia nitasikia. Kuona siwezi, bado."

Ndivyo walivyoishi. Asubuhi shangazi anakanyaga, mumewe kampa mgongo, wanaongea. Nyundo alijua mwendo kwa masikio. "Leo mbona kama umebeba mzigo?" alikuwa anamwambia, au, "Punguza, utaning'olea mashine." Miaka yote alikuwa anasikiliza injini za watu, sasa akawa anamsikiliza mkewe. Nadhani katika kipindi chote cha ugonjwa, hizo ndizo saa ambazo nyumba ile ilikuwa na uhai.

Siku alipokufa walikuwa hivyohivyo. Shangazi alikuwa anamweleza habari za mteja mmoja aliyetaka mapazia ya dirisha refu akaleta vipimo vya dirisha fupi, na sasa anadai kitambaa kimeibwa. Alifikia sehemu ya kuchekesha, akaimaliza, akangoja. Nyundo hakucheka. Shangazi akafikiri kasinzia, maana alikuwa na tabia ya kusinzia baada ya uji. Akapunguza sauti, akaendelea kukanyaga mpaka akamaliza mazoezi yake. Akashuka, akajifuta jasho, akazunguka mbele ya kiti.

Daktari alisema ni kiharusi cha pili, kikubwa, na hata kingempata mikononi mwa madaktari kumi wasingekizuia. Shangazi alimsikiliza, akamshukuru. Mazishini hakulia sana. Lakini ndugu wa mume walipokwisha kuondoka, aliniuliza, "Hivi unafikiri alijaribu kuniita? Ile mashine ina kelele."

Nikamwambia hapana, hakujaribu. Ningejuaje?

Akaifunika baiskeli tena, akakaa hivyo mpaka presha ikapanda na mtoto wake akaja kumpeleka kliniki kwa nguvu. Yule dada wa mazoezi alikuwa amehamishwa. Aliyempima alikuwa kijana mgeni, ambaye hakujua lolote. Alimwuliza kama ana njia ya kufanya mazoezi nyumbani. Shangazi akasema ana baiskeli. Kijana akafurahi, akamsifu, akasema hakuna kitu kizuri kama baiskeli ya ndani kwa mtu wa umri wake, magoti hayaumii, mvua haimpati, moyo unapata chakula chake. Shangazi akaitikia kila neno.

Akarudi kupanda. Si kwamba alipenda. Alipanda kama mtu anayekunywa dawa, uso mkavu, hazungumzi, mtu akiingia anaendelea mpaka amalize. Meza ya kukatia hakuirudisha sebuleni, ingawa nafasi sasa ipo. Kitanda kimekuwa kikubwa mno, anasema, acha vitambaa vikilalie.

Juzi nilikwenda kumwona. Alikuwa ametoka kupimwa, na presha ilikuwa nzuri kama ya msichana. Nikamwambia hongera, shangazi, kumbe kweli hizi baiskeli zinasaidia, na mimi ninayekaa dukani kutwa nafikiria kutafuta yangu.

"Tafuta," alisema. "Zinasaidia. Moyo wangu mzima kabisa. Sijui ni wa kufanyia nini, lakini mzima."

Akanitupia ncha ya kitambaa cheupe, kirefu, cha ukumbi wa shule fulani, akaniambia nikishike vizuri kisiguse sakafu, arudi nyuma apime.