Siku Jeneza Lilipopita Mbele ya Chumba cha Gemu

Likizo hii nimerudi Mji wa Kale kukaa na bibi, na jana nikapita mbele ya kile chumba. Mlango ni ule ule mzito wa mbao za kuchonga, ila ndani sasa kumejaa magodoro yaliyopangwa mpaka darini. Nilisimama nikainama kama ninayefunga kamba za viatu, na mguuni nilikuwa na ndara. Kama mtu angeniuliza natafuta nini, ningemwambia napita tu. Wewe nitakueleza, kwa sababu kwenye karatasi sioni haya sana.

Zamani kile kilikuwa chumba cha gemu. Mwenyewe alikuwa mtu wa bara, Mkristo, akifanya kazi bandarini, na watoto wote tukimwita Anko. Aliweka tivii tatu, mabenchi, na pazia la kanga mlangoni ili jua lisipige skrini. Ukiingia ulipokewa na harufu ya jasho, viazi karai na nyaya zilizopata moto. Adhana ikianza, Anko alizima sauti za tivii zote, na aliyethubutu kubonyeza kitu alitolewa nje. Bibi alikuwa akisema huyo Mkristo ashika adabu za mtaa kuliko wajukuu zake.

Mle ndani msichana nilikuwa peke yangu, tena wa wale wasiosema. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa naangalia meza mpaka achoke amwulize mwingine. Aliyenipeleka kwa Anko ni kakangu, ambaye alikuwa kinyume changu kabisa: sauti yake uliisikia kabla hujamwona. Gemu yetu ilikuwa ya vita. Askari wawili, mji uliobomoka, theluji kila mahali. Kuua sikupenda. Mtu akipigwa risasi alitoa mguno, akaanguka, halafu baada ya muda akayeyuka pale chini asionekane, nami nikibaki kujiuliza amekwenda wapi. Nilichopenda ni mlio wa viatu juu ya theluji, na kakangu akiniambia, "Kaa nyuma yangu, usitoke." Kwengine kote watu walikuwa wakinisukuma mbele: msalimie mgeni, soma kwa sauti, mbona umeinama. Mle ndani kazi yangu ilikuwa kujificha, na nilisifiwa kwa kujificha vizuri.

Mtaani maneno yalikuwako tangu mwanzo. Barazani watu walikuwa wakibishana kila alasiri. Ustadhi wa madrasa alisema mtoto anayeona watu mia wakifa kabla ya maghribi, moyo wake hugeuka jiwe. Bibi alikuwa upande wake. Mwalimu wetu wa shule, aliyekuwa akija kunywa kahawa, alisema hizo ni picha tu, na watoto wana akili kuliko tunavyowadhania. Anko naye hakupenda kubishana. Alisema tu kwamba huko nje kuna vijana wanaotembea na mapanga, na kwamba mtoto akiwa kwake, mzazi ajua yuko wapi.

Mkabala na chumba kile, ghorofani, alikuwa akikaa mama mmoja jirani yetu. Kakangu alikuwa akisimama chini ya dirisha lake kila siku baada ya shule na kumwita kwa sauti ya kuamsha paka wote wa kichochoro: "Mama wee, leo kuna nini?" Naye alimjibu kwamba leo kuna njaa, akale kwao, kisha akateremsha kikapu kwa kamba. Ndani mlikuwa na mahamri, au mkate wa sinia, au kachori mbili za moto. Alikuwa na mwanawe mmoja wa kiume, kijana mpole aliyekuwa ndio kwanza apate kazi. Jioni moja akirudi nyumbani, wale wenye mapanga walimtaka simu. Hakurudi.

Siku ya maziko nyumba zote zilijaa watu, na sisi wadogo tukaambiwa tuondoke, twawazonga wakubwa. Anko alikuwa zamu bandarini na ufunguo alimwachia kakangu. Kakangu akatukusanya sote, pamoja na wajukuu wawili wa yule mama, watoto wa binti yake, akatuingiza chumbani. Wale wawili walikuwa wameziba masikio, maana kilio cha huko juu kilikuwa kikishuka mpaka pale chini. Kwa hivyo akawasha gemu ya vita, na ili wasisikie kilio, akaongeza sauti mpaka mwisho. Tulikuwa tumeambiwa maziko ni baada ya alasiri. Baadaye ndipo tulipojua kwamba maiti ilifika mapema na watu wakakata shauri kuzika baada ya adhuhuri. Tangazo la msikitini halikutufikia. Risasi zilikuwa zikilia, na yule mjukuu mkubwa, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa amecheka. Kakangu akamshabikia kwa ile sauti yake: "Mmalize! Hajafa huyo, mmalize!"

Hapo nikaona miguu chini ya pazia. Miguu mingi, ikienda haraka haraka, na juu yake ile la ilaha illallah ya wachukuzi wa jeneza. Kichochoro chetu ni chembamba, mabega yao yalikuwa yakilisukuma pazia ndani. Kakangu aliruka akachomoa waya ukutani. Lakini yule mama alikuwa dirishani, akimsindikiza mwanawe kwa macho, na alikuwa ameshasikia.

Baada ya hapo barazani hakukuwa tena na ubishi. Hata mwalimu akawa akinywa kahawa yake na kwenda zake. Anko alikuja matangani, akavua viatu, akakaa mkekani pamoja na wanaume, na walipomtazama alisema hana la kujitetea. Hazikupita siku nyingi tukaziona tivii zikitolewa.

Waliomuua yule kijana sikuwahi kuwaona kwa Anko, na upanga hauhitaji kufundishwa na tivii. Lakini pia siwezi kusema bibi alikosea. Mle ndani tulizoea kwamba askari wako akifa unabonyeza kitufe naye anainuka. Tulikuwa tukicheka na kifo, nacho kikapita nyuma ya migongo yetu.

Matanga yalipoisha, bibi alimchukua kakangu kwenda kumtaka radhi yule mama. Nami nikafuata. Hakumkasirikia. Alimshika kichwa akamwambia, "Najua uliwakusanya wajukuu zangu wasisikie kilio. Sina kinyongo nawe, mwanangu. Ila usiniite tena pale chini. Nikiisikia sauti yako, namwona wangu akipitishwa."

Kakangu aliitikia tu. Tangu siku ile akawa akipita chini ya dirisha lile kimya, na kidogo kidogo akawa kimya kila mahali. Sisi tulihamia mtaa wa Buxton, bibi akabaki pale pale, naye alipomaliza shule akaenda Uarabuni kufanya kazi. Akipiga simu, bibi hulalamika kwamba mtandao ni mbaya, kumbe ni yeye anavyozungumza kwa sauti ya chini.

Ramadhani iliyopita yule mama alinishika mkono ngazini kwake. Amezeeka. Akaniambia, "Nduuyo akija Idi mwambie aniite. Kama zamani. Sasa nitaweza." Nilimwambia kakangu siku ile ile aliyofika. Asubuhi ya Idi tukaenda pamoja, naye ana kanzu mpya. Akasimama pale chini, akainua uso, akafungua kinywa. Nilingoja. Nilitamani hata nimwitie mimi, na wewe wanijua. Kisha akaufunga mdomo, akapanda ngazi, akabisha mlango polepole kama mgeni.

Yule mama alichelewa kufungua. Alikuwa kwenye kiti alichokivuta mpaka dirishani, na kikapu alikuja nacho mkononi, kamba imeshafungwa, tayari kukiteremsha. Alituingiza ndani, akamwombea kakangu dua, wakazungumza, hata wakacheka kidogo. Halafu akayatoa mahamri kikapuni, moja moja, akatuandalia kwenye sahani.