Vichwa Vipya Vimefika Yadi

Mumbua wa mtaa wa Kianda ana mdomo, na kila anayenunua githeri yake kando ya reli analijua hilo. Lakini treni ikipita, mwiko anauacha ndani ya sufuria na kutazama kama mtoto. Tabia hiyo waliitoa Makindu, yeye na dada yake Kaluki. Baba yao alikuwa kibarua wa reli, na kichwa cha treni kilipochomoza mbali, wasichana hao walishindana: wa kwanza kutaja rangi yake ndiye mshindi. Hakuna aliyewahi kukubali kushindwa. Waligombana mpaka mama yao akachoka kuwaamua.

Hata walipozeeka hapa Nairobi, Kaluki alikuwa akitoka kwake Kawangware Jumapili baada ya kanisa, anakuja wanakaa kando ya reli, wanatazama, wanabishana. Halafu akaacha kuja. Leo miguu, kesho mafua. Mumbua akaona ni maringo tu. "Siku hizi marafiki zake ni wa Riruta, sisi wa kando ya reli tunanuka," alimwambia kila mteja, amjue Kaluki asimjue. Roho ilimuuma sana, lakini kwenda kumwona, wapi. Mtu mzima na nguo zake, amenuna.

Basi ikaja habari kwamba vichwa vipya vya dizeli vimefika yadi ya reli. Vimetengenezwa ng'ambo, vimeshukia Mombasa, na hapa vinapumzika tu kabla ya kupelekwa nchi jirani. Vikiondoka, ndiyo basi. Mumbua akameza hasira, akafunika sufuria, akaenda Kawangware mwenyewe.

"Vaa viatu," alimwambia Kaluki mlangoni, hata salamu hakutoa. "Vichwa vipya viko yadi. Ukikataa leo, mimi na wewe tumemalizana."

Kaluki alivivaa. "Basi nishike mkono. Magoti yamekufa."

Njia nzima alimng'ang'ania, na Mumbua akafurahi moyoni, akidhani ni hamu ya kuwa pamoja tena.

Walisimama kwenye ua wa waya. Vichwa vilikuwa vitatu, bluu kabisa, vyenye mstari mweupe ubavuni, safi, bila hata doa la oili. Mumbua alifungua mdomo, lakini Kaluki akamuwahi.

"Nyekundu!"

Mumbua alicheka. Uchokozi huo aliujua. Akageuka amjibu, na akamkuta dada yake anatabasamu, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa ghala, mbali na treni. Akampungia mkono mbele ya macho. Hayakupepesa. Ndipo akaukumbuka ule ugonjwa wa sukari ambao Kaluki alisema ni mdogo tu, wa kumeza tembe na kuendelea na maisha. Moyo ulimkatika. Muda wote huo alikuwa akimsengenya kwa wateja, kumbe mtu amekaa gizani peke yake.

"Si ni nyekundu?" Kaluki aliuliza, tabasamu limeanza kutetemeka.

"Ni nyekundu," Mumbua alisema upesi. "Umeshinda, dada. Nyekundu kabisa."

Kaluki aliuachilia mkono wake, akaushika waya wa ua.

"Tangu Makindu hujanikubalia hata siku moja," alisema polepole. "Kwa hivyo umejua."

Mumbua, aliye na jibu la kila mtu, alimkumbatia palepale, wakalia bila kujificha, na askari wa geti akawaacha walie.

"Ungeniambia," Mumbua alisema mwishowe. "Aki ungeniambia tu."

"Niliogopa. Nilijua ukishaniona hivi, hutabishana na mimi tena."

"Nitabishana," Mumbua alisema, lakini alilisema kwa upole, na wote wawili waliusikia huo upole.