Nilimtembeza mama mdogo kwenye ngome ya Johannesburg, tukarudi watatu

Wakuu, kwema humu?

Juzi nimeona uzi wa mkuu mmoja aliyeko Ulaya. Kaweka picha akizunguka mtaa wa ngome ya wafalme wa zamani, minara, madaraja ya mawe, na kahawa kwenye kikombe kidogo utadhani cha mwanasesere. Hongera zake.

Nikasema na mimi nieleze ya huku Joburg, maana ngome tunayo. Ila yangu siyo ya kumtamanisha mtu.

Nitakayoandika nimeyaona kwa macho yangu. Asiyeamini asinitukane, apite tu.

Mimi ni mtu wa Kasulu, naishi Berea, kazi yangu ulinzi kule Randburg. Nilikuwa nakaa na mdogo wangu Elisha, mtoto wa mama mdogo. Najua wengine mtasema huyo ni binamu. Kwetu huyo ni mdogo wako, basi.

Mwaka jana, asubuhi moja anakwenda kazini, akagongwa na gari pale Hillbrow kwenye robot. Huku taa za barabarani tunaziita robot. Akafia pale pale.

Kumsafirisha tulishindwa. Tukamzika huku huku. Mama yake hakuwahi kufika, pasipoti ilichelewa.

Sasa hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nyumbani tanga halikuanuliwa. Watu wa kanisani walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka, lakini mama mdogo akagoma. Alisema hawezi kuanua tanga la mtu ambaye hakumwona akizikwa. Ule mkeka aliotandika chini siku ya taarifa, akaendelea kuulalia mwezi baada ya mwezi, na kitanda kipo. Mgongo ukaanza kumsumbua, kifua nacho kikaingia baridi ya sakafu. Binti yake Neema alikuwa ananipigia analia, kaka, mama atatufia hapo chini.

Tukaona bora aje alione kaburi. Akapanda basi, mwanamke ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Kigoma mjini. Akashuka Park Station na begi moja, na mkeka umekunjwa kwapani.

Nilipouona ule mkeka nikajua kazi ipo.

Kesho yake nikampeleka makaburini. Nilijiandaa kwa kilio, hata leso nilibeba mbili. Mama mdogo akaangalia kibao, akaangalia safu za makaburi, akaniuliza kama tumemaliza. Nikamuuliza vipi mama. Akasema pale kaona jiwe, Elisha hajamwona.

Tuliporudi akatandika mkeka wake karibu na friji. Kitanda changu nilichomwachia hakukigusa.

Wakuu, nilikasirika. Nimeomba ruhusa kazini, nimebembeleza, halafu mtu anaona jiwe? Mfiwa akimkasirikia mfiwa mwenzie ni kitu kibaya sana, ila kinatokea.

Asubuhi akatoa picha kwenye begi. Ilikuwa imetundikwa ukutani kwao, akaibandua aje nayo. Elisha kasimama mbele ya lango la mawe lenye nembo juu, kavaa koti langu, tena bila kuniomba. Aliwaambia nyumbani kwamba Joburg nako kuna ngome kama za Ulaya.

Akasema nimpeleke hapo.

Kutoka Berea ni mwendo wa miguu, unakatiza Hillbrow unapanda kilimani. Mimi nilimzungusha njia ndefu. Tangu Elisha afe, ile kona ya robot nilikuwa sipiti.

Ambacho Elisha hakuwaambia ni kwamba ngome ile ilikuwa gereza. Dada anayetembeza wageni akatuonyesha seli, mablanketi, uwanja ambao wafungwa walikuwa wanakula karibu kabisa na vyoo. Mimi natafsiri, mama mdogo ananifuata nyuma. Mara akasimama, picha mkononi, uso umebadilika.

"Kwa hiyo mwanangu alifungwa hapa, mkanificha?"

Aisee. Nikamwapia kwamba Elisha alikuja kutembea tu siku yake ya off, kama sisi. Hakuniamini mpaka yule dada alipothibitisha kwamba gereza lilifungwa zamani, Elisha hata hajazaliwa. Hapo akashusha pumzi, tukacheka kidogo, na ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka tangu ashuke kwenye basi.

Tukiwa bado uani ikaingia familia moja ya Kizulu. Bibi mzee, wanawake wawili, na mwanaume wa makamo aliyeshika tawi la mti wa miiba. Yule dada akatusogeza pembeni, akashusha sauti.

Akaeleza kwamba babu yao alifia mle ndani akiwa mfungwa, na leo wamekuja kumchukua. Kwa mila yao, mtu akifa mbali na kwake, roho yake inabaki pale alipoangukia, haijui njia. Ndugu wanakwenda na tawi, wanamwambia twende, wanampeleka nyumbani. Aliyeshika tawi haongei na mtu mwingine yeyote, anaongea na marehemu tu. Anamtajia kila wanapopita, hapa ni mlango, hapa ni ngazi, sasa tunapanda gari.

Na kweli yule baba alikuwa anaongea polepole, kwa heshima, kama mtu anayemwongoza mzee asiyeona. Akatupita bila hata kutuangalia.

Mama mdogo akataka nimtafsirie kila neno. Nikamtafsiria, halafu nikaongeza na la kwangu, kwamba hiyo ni mila ya Kizulu, mama, sisi tumeokoka.

Akanijibu hakuuliza mila ni ya nani. Akaniuliza swali moja tu.

"Elisha aliangukia wapi?"

Pale juu ya ngome, kwenye tuta la majani, Hillbrow yote unaiona, magorofa na ule mnara mrefu. Nikanyoosha kidole. Nikamwambia ni pale kwenye robot.

Akaanza kushuka. Mimi nyuma.

Kwenye ile kona kuna mama Mkongo wa Lubumbashi, anauza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Nilipomwambia huyu ni mama yake Elisha, akainuka kwenye ndoo aliyokalia.

"Mama, pole. Mutoto yako alikuwa ananiambiaka shikamoo kila asubui, mie sikujua kuitika. Siku ile njo mimi nilimufunika na kikwembe yangu."

Kikwembe kwao ndiyo kitenge. Mimi hilo nilikuwa silijui, wakuu. Nilifika pale siku ile nikakuta kafunikwa, sikuuliza ni nani. Mama mdogo akamshika mikono yote miwili, wakakaa hivyo. Taxi zinapiga honi, watu wanapita na mifuko yao ya plastiki, hakuna aliyejali.

Kisha mama mdogo akavua kitenge chake begani. Nikadhani anataka kukitandika. Hapana. Akainama pale ukingoni mwa lami, akakitupia mgongoni, akakifunga fundo kifuani, vile vile mama anavyombeba mtoto. Ndani hakuna kitu.

"Elisha, ni mama. Panda mgongoni, twende nyumbani."

Akaanza kutembea. Barabara ya kwanza akasimama, akaniangalia, midomo kaifunga kabisa. Mimi nimesimama kama zuzu. Ndipo nikaelewa. Kaishika ile sheria ya tawi, haongei na mtu mwingine. Na njia haijui, jiji siyo lake.

Kwa hiyo wa kumtajia Elisha njia ni mimi.

Eish, wakuu. Gadi mzima, sare ya kazi naiheshimu, niongee na hewa katikati ya Hillbrow? Niliona aibu, sitawadanganya. Nikakohoa, nikaangalia huku na huku.

"Elisha, subiri. Robot nyekundu."

Ikawaka kijani, nikamwambia haya vuka na mama. Nikamwambia hapa kwa kinyozi wako. Hapa ile spaza, kile kiduka chetu cha mkate. Hapa ndipo tulipokimbia mvua ukateleza, nikakucheka wiki nzima. Vijana wa kinyozi walitukodolea macho, halafu mmoja akavua kofia. Watu wa huku wakiona jambo hilo wanalijua.

Tukafika kwenye jengo letu, nikamwambia lifti bado mbovu, tunapanda ngazi, pole mdogo wangu. Nilikuwa sijalia tangu msiba. Nilikuwa na karatasi, na jeneza, na simu za nyumbani, nikajiita mwanaume. Nililia kwenye ngazi, na mama mdogo akasimama ananingoja, mkono mmoja nyuma ameshika mtoto wake asidondoke.

Bado alilala kwenye mkeka. Nikaelewa, Elisha alikuwa hajafika kwao.

Akaondoka na basi. Abiria walidhani kachanganyikiwa, maana kila mahali alikuwa anamtajia, hapa Beitbridge tunaingia Zimbabwe, hapa ni Zambia, hapa Tunduma mwanangu, tumeingia Tanzania. Watu wa uhamiaji tu ndio aliowajibu. Baadaye alisema alijua Elisha ataelewa.

Neema alimpokea stendi Kasulu. Anasema mama alishuka, akafungua fundo la kitenge, akakikung'uta taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kuanzia hapa njia unaijua. Tangulia mwanangu."

Wakatembea nyuma yake mpaka nyumbani. Jumamosi yake tanga likaanuliwa. Neema akanitumia picha ya mkeka umefuliwa, umeanikwa kwenye kamba. Akaandika kwamba mama kalala kitandani mpaka jua limetoka, na wameogopa kumwamsha.

Nilichojifunza ni kidogo. Mfiwa usimwambie ajikaze kabla hujamuuliza anataka kupelekwa wapi. Mimi nilimpeleka pale nilipopaweza mimi.

Wachungaji najua mna vifungu vyenu, leteni, nitasoma vyote. Ila na nyie mlio mbali, mwenye mtu wake aliyeangukia ugenini, tuambie wa kwako ulimrudishaje, au bado yuko kule.

Ile kona sasa napita kila siku. Yule mama wa sombe namwamkia shikamoo. Nilimfundisha, siku hizi anaitika.