Fundi Aliyetaka Kufika Stesheni

Utasema moshi ulinilevya. Hata bibi yangu, mke wangu wa ndoa, alisema hivyo mwanzoni, mpaka alipoona kwa macho yake. Lakini mimi sinywi, sikuwa na homa siku ile, na jua lilikuwa bado halijazama. Ninalokueleza hapa sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ambayo kampuni ya shaba ilianza kufa, na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu. Huku Kolwezi lawama iliwaangukia watu wa Kasai. Wazee wao waliletwa na Wazungu kuchimba shaba. Wao walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa, hata ndoto waliota kwa Kiswahili cha hapa. Ghafla wakaambiwa warudi kwao. Vijana wakapita mitaani wakiimba, nyumba zikachomwa, na familia nzima zikahamia stesheni, zikakaa juu ya mafurushi kungoja treni.

Bibi yangu, Ngalula, ni mtu wa Kasai. Mimi ni Mlunda wa Sandoa, mwenyeji wa jimbo hili. Nilikuwa nimemwacha kambi ya Kapata, nje ya mji, kwa mama yake, yeye na mtoto wetu mchanga, nikaenda kwetu na pikipiki kuwaomba wazazi wangu wamfiche. Walikubali. Nilikuwa njiani kurudi, na furaha yangu moyoni, wakati dereva wa lori aliponipungia mkono nisimame.

"Ndugu, unaenda Kapata? Kapata hakuna tena mutu. Balibafukuza bote asubuyi. Beko ku gare, ku stesheni, na treni inatoka leo, jua ikizama."

Unaweza kufikiri nilivyoondoka pale. Nilikimbiza ile pikipiki kama mwizi.

Nilikuwa nimekaribia njia panda ya Kapata, pale unapoanza kuona vilima vyeupe vya udongo wa migodini, nikataka kupunguza gia. Mguu ukaenda bure. Levye, kile chuma kidogo unachokanyaga kwa mguu wa kushoto kubadilisha gia, ilikuwa inalegalega kama jino la mtoto. Meno yake ya ndani, yale yanayoshika kwenye chuma kinachotoka injini, yalikuwa yamelika siku nyingi. Kila mara nilikaza bulo, ile bolti inayoibana, ikashika kidogo, ikaachia tena. Safari hii bulo ilifika mwisho na levye bado inacheza. Pikipiki ikazimika ikiwa kwenye gia ya juu, na kwa gia ile haiondoki.

Nilikaa chini nikashika kichwa. Ulikuwa msimu wa kuchoma majani. Moshi ulikuwa umeshuka barabarani, mweupe, mzito, unatembea taratibu kama maziwa ndani ya chai. Jua lilionekana jekundu na dogo, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Hakuna ndege aliyelia. Hata mapigo ya moyo wangu niliyasikia kama yanatoka kwa mtu mwingine.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki yangu, amenipa mgongo. Sikumwona akija. Alivaa ovaroli ya bluu ya kampuni, kuukuu, lakini imepigwa pasi.

"Meno imelika," akasema. "Bulo peke yake haiwezi."

Nikainuka mbio, nikamwita baba, kama tunavyowaita wazee. "Tata, nisaidie. Bibi yangu na mutoto beko ku gare. Treni itabatwala."

"Na mi niko naenda kule kule. Utanibeba?"

"Nitakubeba, tata. Tengeneza tu."

Alitoa kle, spana yake, mfukoni, akafungua bulo, akachomoa levye, akapangusa meno yake kwa kitambaa mpaka yakang'aa. Kisha akavuta kipande cha waya wa shaba kutoka ndani ya mkono wa nguo yake, akakilaza juu ya jiwe, akakigonga kwa jiwe lingine. Niamini ndugu yangu, lile jiwe lilipanda na kushuka, na mimi nimesimama pale karibu, lakini sikusikia mlio wowote. Waya ulilainika, ukawa mwembamba kama jani. Akauzungusha kwenye meno ya chuma, akaikunja ncha yake mara mbili, kwa upole, kama mama anavyochomeka kitenge kiunoni. Akarudisha levye, akakaza. Muda wote huo hakunigeuzia uso hata mara moja. Nilidhani ni haya ya uzee.

"Kanyaga," akasema.

Nikakanyaga. Gia ikaingia, tak! Huo mlio niliusikia.

"Tata, unatoka wapi?"

"Kapata."

"Basi na weye balikufukuza?"

Alirudisha kle mfukoni. "Mi hakuna mwenye alinifukuza. Batu bangu banaenda, njo na mi naenda."

Akapanda nyuma. Nasema akapanda, kwa sababu mkono wake ulinishika bega la kulia. Lakini pikipiki haikushuka. Nilikuwa nimezoea kubeba watu, najua springi zinavyolia mtu mzima akikaa, na siku ile zilinyamaza. Mkono tu, baridi, unapenya koti kama maji ya kisima. Je, niliogopa? Hapana. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilikuwa kama mtu anayeota na anajua anaota, na hataki kuamshwa.

Karibu na mji vijana walikuwa wamefunga barabara kwa magogo, fimbo mkononi, wanasimamisha kila mtu na kumuuliza kabila. Nilipunguza mwendo. Wakatutazama. Nyimbo zao zikakatika. Mmoja akavuta gogo kando bila kuambiwa, na mwenzake akavua kofia, akaishika kifuani, kama tunavyofanya maiti inapopita. Nikapita katikati yao.

Stesheni, watu walikuwa wanapandishwa mabehewa ya mizigo kwa kusukumwa. Vilio, kuku, masufuria, wanajeshi wanafoka. Nikamwona Ngalula, mtoto mgongoni, anamvuta mkono mama yake. Mama mkwe alikuwa ameketi chini, amekataa.

"Mama hapendi kupanda," Ngalula akaniambia analia. "Anasema hawezi kuacha tata peke yake mu makaburi ya Kapata. Na mi siwezi kumuacha yeye. Watatupiga, baba ya mutoto. Tufanye nini?"

Baba yake Ngalula alifariki kabla mimi sijamjua bibi yangu. Sikuwahi kumwona, hata picha hakuna.

Nikageuka kumwomba yule tata ashuke, nipate kumsaidia mama. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Lakini mkono ulikuwa bado begani.

Kwa heshima, mimi simtazami mama mkwe usoni. Niliangalia chini, ndipo nikaona miguu yake inasogea. Alikuja mpaka kwenye pikipiki, akainama, akagusa ile ncha ya shaba iliyochungulia kwenye levye.

"Mukwe, nani alikutengenezea hii?"

"Tata moja, mama. Mu njia."

"Anakunjaka hivi," akasema polepole. "Mara mbili. Ku atelye ya kampuni, ku kazi yake, balikuwa banamucheka."

Kisha akainuka, akatazama juu ya bega langu la kulia. Hapo nilisahau heshima, nikamwangalia. Uso wa yule mama mzee ulifunguka kama wa msichana.

"Umekawia," akasema. "Twende."

Baridi ikatoka begani mwangu.

Akamgeukia Ngalula. "Weye baki na bwana yako. Mi siko peke yangu." Akapanda mwenyewe, bila kusukumwa, akaketi juu ya furushi lake, akaacha nafasi kando yake. Behewa lilijaa mpaka watu wakasimama kwa mguu mmoja, lakini ile nafasi hakuna aliyeikalia. Treni ikaondoka ndani ya moshi. Nikampakia bibi yangu na mtoto, tukaelekea Sandoa kwa njia za porini, mbali na yale magogo.

Watu wengi walikufa kwenye safari zile, kwa njaa na kiu. Wasafiri walituletea habari kwamba behewa la mama halikuzika mtu njiani.

Miaka imepita. Mama mkwe alizeeka huko Kasai kwa amani, naye amepumzika. Ile levye haijalegea tena. Mafundi wamejaribu kuifungua, kle inateleza tu. Bega langu la kulia ni baridi hata katika joto la Oktoba, na mtoto mchanga yeyote akilala upande ule analia. Hali ilipotulia, mimi na Ngalula tulienda Kapata kusafisha kaburi la baba yake. Tulikuta udongo umetitia, shimo tupu, na majani yameota pembeni tu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza: siku watu wakikuita mwende mlangoni kwa jirani kumwambia arudi kwao, baki nyumbani kwako. Usidhani unamfukuza yeye peke yake. Hujui ni nani ataamka amfuate, wala atapita barabara gani, wala mkono wake atauweka juu ya bega la nani.