Betri Niliyoipima Ikiwa Imelala

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na sijui mtu mwingine hapa mtaani kwetu Isevya aliyewahi kuunguza masharubu kwa betri ya baiskeli. Nalisema mapema ili msomaji ajue yuko mikononi mwa nani.

Baiskeli yenyewe ni ya umeme. Watoto wetu walioko Dar es Salaam walichanga wakatuletea baada ya mama yao kupata kiharusi. Kilimshika upande wa kulia. Maneno yalirudi haraka, tena yote, hata yale ambayo ningependa yachelewe kidogo, lakini mguu na mkono vilibaki nyuma. Akapangiwa kliniki ya mazoezi kila Jumatano, mjini, ng'ambo ya reli. Bodaboda hakutaka hata kuisikia. Bajaji alipanda mara moja, ikainama kwenye kona yenye mchanga, akateremka na kusema basi. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kawaida, lakini magoti yangu yalistaafu kabla yangu, na kukanyaga pedali nikiwa na mtu nyuma ni jambo ambalo daktari alilicheka waziwazi.

Ndipo ikaja hii yenye mota kwenye gurudumu la nyuma na betri nyeusi ya ukubwa wa mkate mrefu, inayofungwa kwa ufunguo katikati ya fremu. Fundi mmoja karibu na reli alichomelea kiti cha chuma juu ya keria, chenye mgongo na mkanda. Kila Jumatano saa mbili kamili nilimketisha mke wangu pale, nikamfunga mkanda, nikapanda mbele na kuondoka bila kutoa jasho.

Niseme ukweli wa jambo hili, maana ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Mtu aliyezoea kuingia darasani watoto hamsini wakasimama, akistaafu anagundua kwamba hakuna tena anayesimama. Hakuna hata anayemsubiri. Siku sita za wiki nilikuwa mzee wa kuhamisha kiti kufuata kivuli. Jumatano nilikuwa na kazi. Nilinyoa ndevu, nikavaa shati la kola, na kulikuwa na mtu ambaye bila mimi asingefika anakokwenda. Kwa hiyo betri ile ikianza kufa, kwangu isingekuwa habari ya chombo tu. Ningerudi kwenye kiti na kivuli chake.

Na ilianza kuonyesha dalili. Kwenye usukani kuna kioo kidogo chenye vijistari vitano vya kuonyesha chaji. Vilikuwa vinne tukitoka nyumbani, kimoja tukipanda kilima cha reli, halafu vinne tena tukishuka ng'ambo. Nilijua vinasema uongo. Nikakumbuka kwamba ndani ya sanduku langu la zamani la shule nina mita, ile ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi.

Sasa, mita ile ina matundu matatu. Ukitaka kupima volti, waya mwekundu unaingia tundu moja. Ukitaka kupima ampea, unaingia tundu jingine. Ukikosea, unakuwa umeunganisha betri na betri yenyewe, yaani umeikaba shingo. Mwanafunzi aliyefanya kosa hilo mbele yangu nilimpigisha magoti mpaka kengele ya mapumziko. Asubuhi ile nilivaa miwani, nikainama karibu sana ili nisome vizuri, nikagusisha nyaya. Ulipasuka mlio, cheche ya buluu ikanirukia usoni, ncha ya waya mwekundu ikayeyuka, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa uani.

"Mwalimu," mke wangu aliita kutoka ndani. Tangu nistaafu ndivyo anavyoniita akiwa na mashaka nami. "Nani amekufa?"

"Hakuna," nilisema. "Napima."

Nilinyoa masharubu yaliyobaki, maana yalikuwa ya upande mmoja. Kisha nikanunua waya mwingine, nikauingiza tundu sahihi, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kupima asubuhi na jioni kama mgonjwa wa presha. Betri iliyojaa ilinipa volti hamsini na nne na nukta kadhaa, kama inavyotakiwa. Niliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Halafu nilimtangazia mke wangu kwa sauti.

"Hamsini na nne nukta mbili!"

"Amina," alijibu.

Namba zilikuwa nzuri kila siku, na kilima cha reli kilizidi kuwa kigumu kila wiki. Mwanafizikia angejiuliza. Mimi nililaumu upepo. Nikalaumu tairi, nikajaza upepo mpaka likawa gumu kama jiwe na mke wangu akalalamika mgongo. Mwisho nikamwambia, kwa upole niliodhani unatosha, kwamba labda ameongezeka uzito. Sikupewa chai siku mbili.

Yule fundi wa reli, aliyechomelea kiti, ni Mgogo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na pembe za ndovu begani kuelekea pwani, na kwa mtani huruhusiwi kukasirika hata akikuvua kofia mbele ya wakwe. Karibu kila alasiri nilikuwa kwenye baraza lake nikibishana naye habari za volti. Siku moja alinisikiliza nikisoma namba zangu, huku watu watatu wakisubiri kuzibiwa pancha.

"Mtani," alisema, "hiyo betri unaipima ikiwa imelala. Ikilala kila betri ni nzima. Inua gurudumu la nyuma, fungulia mota, bana breki kidogo ili ipate kazi, halafu ndiyo uangalie namba yako."

Alikuwa sahihi kabisa. Betri iliyochoka huonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika. Ukiibebesha mzigo, namba inaporomoka. Somo hilo nililifundisha kila mwaka, muhula wa pili, na mchoro wake niliweza kuuchora ubaoni nikiwa nimewapa mgongo waliokuwa wanasinzia. Ila fundi huyu aliniambia mbele ya watu watatu wenye pancha. Nilimjibu kwamba mimi nilianza kushika mita yeye akiwa bado anachunga ndama Dodoma. Watu wakacheka, nami nikarudi nyumbani nikiwa mshindi, na nikaendelea kupima betri yangu ikiwa imelala.

Jumatano ninayoikumbuka, mlango wa jiko ulisomeka hamsini na nne nukta moja. Nilimfunga mkanda mke wangu, tukaondoka. Tulipoanza kupanda kuelekea reli, mota ikaguna, ikashtuka mara mbili, ikazima. Tulisimama mbele ya baraza la mtani wangu, kwa usahihi ambao hata kwa makusudi nisingeuweza. Yeye mwenyewe alikuwa ndani, tulisikia nyundo.

Nilichofanya baada ya hapo bado kinanitesa. Nilisimamisha baiskeli, nikatoa mita mfukoni, nikachomoa betri, nikapima palepale barabarani. Wanafunzi wangu wa zamani walikuwa wanapita kwenda sokoni. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba," nilijibu bila kuinua kichwa. Mita ilisema arobaini na tisa. Betri ilikuwa imetua mzigo, ikapumzika, ikapata nafuu.

"Ina chaji," nilimwambia mke wangu.

"Basi twende," alisema.

Nikairudisha, nikafungulia, mota ikaguna na kuzima. Nikachomoa, nikapima. Arobaini na tisa.

"Ina chaji kabisa," nilisema. "Kimahesabu tunakwenda."

"Kimahesabu tumefika," alisema mke wangu kutoka kwenye kiti chake. "Mimi ndiyo nimechelewa kuteremka."

Mara ya tatu mtani alikuwa ameshatoka nje na kusimama mikono kiunoni. Alitazama betri, akatazama mita, akanitazama mimi. Alikuwa na raha isiyo na kifani.

"Mnyamwezi!" alipiga kelele ili majirani wasikose. "Hapa umeingia Ugogo. Babu zako walikuwa hawapiti bila kutulipa hongo ya njia. Wewe unataka kupita na mzigo wako bure? Nimeiteka hii baiskeli."

Akashika usukani. Kama ni mtu mwingine ningempigia kelele za mwizi. Lakini mtani akiteka amekwisha kuteka, mpaka ukomboe kitu chako kwa maneno matamu na soda, na kukasirika ndiyo kuongeza faini.

"Mgonjwa je?" nilisema. "Ana kliniki saa tatu."

"Hilo ni lako na mgonjwa wako."

Nilimgeukia mke wangu nikitegemea machozi. Alikuwa anafungua mkanda kwa mkono wa kushoto, na mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Ichukue, mtani," alimwambia. "Hiki kiti chako kimenikata mapaja."

Akateremka. Nilimrukia kumshika, akanisukuma kwa kiwiko. Alisimama mchangani akanyoosha kanga yake, akaangalia kilima, akaanza kutembea.

Nilimfuata nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili, kama mtu anayefukuza kuku. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ameniambia, si mara moja, kwamba sasa mama atembee, hata hatua chache kila siku. Nami nilimjibu kila mara kwamba barabara yetu ina mchanga, jua ni kali, na usafiri upo. Sasa nilikuwa natazama mguu ule wa kulia. Ulikuwa unaburuta kidogo kwenye kisigino, lakini ulikuwa unafika. Tulipita nguzo ya kwanza ya umeme. Tukapita ya pili. Kwenye ya tatu nilimwomba tupumzike, na aliyekuwa anahema ni mimi.

"Umeanza lini?" nilimuuliza.

"Kutembea? Miezi miwili." Alikuwa ameegemea nguzo, anajipepea kwa ncha ya kanga. "Ukienda kwa mtani wako kubishana, mimi nakwenda kwa jirani. Nilianza na fimbo. Siku hizi nakwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, narudi, nakaa. Ukiingia unanikuta nimekaa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningekwambia. Wewe ulikuwa unaiuliza betri."

Alijifuta uso, halafu akasema taratibu, bila utani wowote, "Na Jumatano ulikuwa unapendeza. Unanyoa, unavaa shati lako la kola. Asubuhi unaniamsha wewe, si mimi ninayekuamsha. Nikaona acha kwanza anipeleke."

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Mke wangu, ambaye miezi saba nyuma hakuweza kugeuka kitandani, alikuwa amesimama barabarani kwa miguu yake, na mume mwema angepiga magoti akashukuru. Mimi niliumia. Niliumia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, na nikaona aibu ya kuumia, na aibu ile nayo ikaniuma. Miezi miwili nilikuwa nampeleka mtu anayeweza kwenda. Alikuwa amekalia chuma kinachomkata mapaja, amefungwa mkanda, anaitikia amina kwa namba zangu, kwa kunihurumia mimi. Mgonjwa aliyekuwa akipelekwa mjini kila Jumatano nilikuwa mimi, na yeye ndiye aliyekuwa anajua. Furaha ilikuja, lakini ilikuja nguzo mbili baadaye, aliporuka kijidimbwi cha maji mbele yangu na kugeuka kuangalia kama nimekiona.

Tulifika tumechelewa nusu saa. Mtaalamu wa mazoezi alituona kutoka dirishani, akatoka mpaka kizingitini, akamtazama mke wangu, kisha njia tuliyotokea, akauliza usafiri uko wapi.

"Umetekwa," mke wangu alisema.

Kabla ya kuingia alinigeukia. "Jumatano ijayo nakuja kwa miguu," alisema. "Na wewe?"

Nilitaka kusema neno zuri, neno ambalo mtu wa miaka arobaini ya ndoa anapaswa kuwa nalo. Badala yake nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mkuu wa shule, "Nitaangalia ratiba yangu."

Alinipa nafasi ya kujirekebisha, kama nilivyokuwa nikiwapa wanafunzi. Nikashindwa kuitumia.

"Ratiba yako ninayo mimi," alisema. "Saa mbili kamili. Na unyoe."